Swali la Pili la Bi Barafu

Bi Barafu hakumchoma mtu yeyote sindano ya ganzi mgongoni kabla ya kuuliza maswali mawili. La kwanza alimuuliza mfanyakazi mwenzake aliyeugusa mgongo ule kabla yake: umeingiza nini humu, kiasi gani, na maji uyahesabu. La pili alimuuliza mwenye mgongo: umesikia ubaridi ukitembea humo ndani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Hakujali kama jibu la kwanza lilikuwa limejitosheleza. Hakujali kama aliyejibu alikuwa bingwa, rafiki, au mtu aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika sindano. Mpaka swali la pili lijibiwe, mikono yake ilibaki nyuma.

Watu wengi tunasema tuna kanuni. Tunazitaja sana, hasa tunapokemea watoto wa wenzetu. Lakini kanuni ya mtu hujulikana siku inapomdai kitu anachokipenda, na siku hiyo ikifika wengi hugundua kwamba walichokuwa nacho kilikuwa mazoea tu. Ya Bi Barafu ilikuwa kanuni kweli.

Alikuwa muuguzi wa usingizi katika hospitali ya kawaida, yenye korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na springi iliyolia kila mtu alipopita, na pembeni yake kulikuwa na chumba kidogo cha chai chenye friji la zamani. Ndani ya friji hilo ndimo lilimozaliwa jina lake. Kila asubuhi alijaza maji kwenye vidole vya glavu, akavifunga fundo, akavigandisha. Akishamchoma mgonjwa ganzi ya mgongo na kumlaza, alichukua kidole cha barafu akakipitisha ubavuni, kutoka pajani kwenda juu, akiuliza: hapa baridi? Na hapa? Pale mgonjwa aliposema hasikii baridi, ganzi ilikuwa imefika. Pale aliposhtuka, bado. Bila barafu kumwambia ganzi imefika wapi, hakumruhusu mtu kupasua.

Daktari wa upasuaji, mtu mnene mwenye sauti nene na mapenzi makubwa ya juisi ya baridi, siku moja alifungua friji akachukua kidole kimoja cha glavu, akakivua mpira, akakitumbukiza kwenye glasi yake. Alikunywa mpaka nusu ndipo akaambiwa barafu ile ni ya nini. Alijitetea kwamba alidhani jiko limeanza kutengeneza barafu za mtindo mpya. Tangu hapo wauguzi walimwita Dokta Kidole, si mbele yake, na yule mama akaitwa Bi Barafu, mbele yake kabisa, na hakukasirika.

Alilelewa na mama aliyekuwa dobi. Nyumba yao ilikuwa na harufu ya sabuni na mkaa wa pasi, na mashati ya watu yaliyoning'inia mpaka juu ya kitanda. Mama yule alikuwa na neno moja la kazi ambalo binti yake alilibeba maisha yake yote: ukiunguza nguo, mwenyewe aambiwe kabla hajaona. Kuna mteja mkubwa, mwalimu mkuu wa shule, aliyeambiwa hivyo kuhusu suruali yake ya sherehe. Akaichukua suruali, akachukua na nguo nyingine zote, hakurudi tena. Binti alimuuliza mama yake kwa nini hakuikunja tu vizuri, alama ikakaa ndani. Mama akamjibu kwamba alama ingekaa ndani ya suruali, na ndani yake yeye je, ingekaa wapi.

Kanuni ya maswali mawili haikutoka kitabuni. Ilitoka kwa mwanamke mmoja ambaye Bi Barafu, akiwa bado mgeni katika kazi, alimchoma ganzi ya mgongo kwa kiasi cha kawaida kabisa, kile alichofundishwa, kile kile alichowapa wengine wengi bila shida. Mwanamke huyo alikuwa amewekewa kwanza mrija mgongoni wa kupunguza uchungu wa kujifungua, ule mwembamba kama uzi wa nailoni, na ulikuwa haufanyi kazi vizuri. Ndipo ikaamuliwa apasuliwe. Dakika chache baada ya sindano akasema mikono imekuwa mizito. Kisha akasema hawezi kupumua. Kisha hakusema tena. Bi Barafu alimfunika barakoa usoni akambinyia mfuko wa hewa, pumzi baada ya pumzi, mkono wake ukifanya kazi ya kifua cha mwenzake, mpaka ganzi iliposhuka yenyewe. Mama alipona, na mtoto akapona.

Mwalimu wake, daktari mzee wa usingizi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, hakumkemea. Alimuuliza tu mrija ule ulitiwa nini. Akataja dawa. Akaulizwa na maji je. Hakujua. Walipomfuata aliyeuweka, akasema ndiyo, alisukuma maji ya chumvi mengi kuujaribu, lakini hakuyataja kwa sababu yalikuwa maji tu, si dawa.

Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo baadaye alilifundisha kwa miaka. Uti wa mgongo umekaa ndani ya mfuko laini uliojaa maji yake. Sindano ya ganzi huingia ndani ya mfuko huo, na dawa huogelea humo. Mrija wa uchungu haufiki ndani. Unakomea nje, kwenye nafasi nyembamba kati ya mfuko na mfupa. Sasa ukijaza maji katika nafasi ile ya nje, hata yawe ya chumvi tupu yasiyoweza kumtia ganzi hata sisimizi, mfuko unabanwa. Ukibanwa, maji ya ndani hayana pa kwenda ila juu, na dawa inapanda nayo. Ganzi iliyopimwa iishie kifuani inafika shingoni.

Alitengeneza kifaa cha kuwaonyesha wanafunzi. Alikata chupa ya dripu, akatia ndani puto refu jembamba lililojazwa maji, na kwa bomba la sindano akaingiza wino wa buluu chini ya puto. Wino ulikaa chini. Kisha akamimina maji kati ya puto na chupa, polepole, na wanafunzi wakaona wino ukipanda wenyewe bila mtu kuugusa. Kisha akauliza: nani bado anasema maji si dawa?

Miongoni mwa walioangalia wino ule alikuwa kijana mmoja mpole, mwenye mikono ya ajabu. Alikuwa akiutafuta mgongo kwa kidole gumba, akauona, akapenya mara moja, hata kwa wagonjwa wanene waliowashinda wengine. Alikuwa mwenye huruma pia. Mgonjwa akilia, uso wake ulilia. Bi Barafu alimpenda kama mtu anavyoipenda kazi yake ikionekana kwenye mikono ya mwingine. Alimwazima vitabu. Kijana alikuja nyumbani kuvirudisha, akakaribishwa chakula, akaja kuazima vingine, na kabla vitabu havijaisha alikuwa ameanza kubaki sebuleni akiongea na binti wa nyumba, mtoto wa pekee wa Bi Barafu, aliyefundisha chekechea. Harusi ilipofika, mama mkwe alisimama akawaambia wageni kwamba amemfundisha mtu kazi, naye akamlipa kwa kumwibia mtoto. Watu walicheka sana, na yeye akacheka kuliko wote.

Mkwe alipomaliza masomo alipangiwa hospitali ile ile. Walikubaliana tangu siku ya kwanza: nyumbani ni Mama, kazini ni Sista. Mjukuu alipozaliwa, Bi Barafu alibeba picha yake mfukoni mwa sare, lakini hakumwonyesha mtu yeyote ndani ya chumba cha upasuaji. Humo, alisema, mimi sina ndugu. Watu walilichukua neno hilo kama mzaha wa mtu mzima.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi nyingi. Bi Barafu alikuwa ndani tangu asubuhi na mzee mmoja aliyepasuliwa ngiri. Huko wodi ya uzazi alikuwepo fundi cherehani, mwanamke aliyesubiri mtoto kwa miaka mingi, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mkwe alikuwa amemwekea mrija wa mgongoni asubuhi. Mwanzoni ulimtuliza, akasinzia hata. Kisha ukaanza kufanya kazi upande mmoja tu. Upande wa kulia ulilala, wa kushoto uliwaka. Mwanamke alilia. Mkwe akaongeza dawa mpaka akafika kikomo kinachoruhusiwa. Mwanamke akalia tena. Ndipo mkwe akafanya kile ambacho Bi Barafu alikuwa amewakataza wote: akaanza kusukuma maji ya chumvi kwenye mrija, akitumaini yataisambaza dawa iliyokwishaingia ifike upande wa pili. Kila alipolia, aliongeza. Kuna nyakati ujanja huo ulimsaidia huko nyuma, naye hakuusema.

Mchana Dokta Kidole alimpima akaona kichwa cha mtoto hakishuki na mapigo yake yanaanza kupungua. Haikuwa ya kukimbia, lakini haikuwa ya kungoja. Akasema aletwe.

Springi ya mlango ikalia, kitanda kikaingia, mkwe akiwa kichwani pa kitanda. Bi Barafu alimpokea mgonjwa kwa jina la mwanangu, kama alivyowapokea wote, wakamkalisha akiinamia mto, mgongo wazi. Akamgeukia mkwe na swali la kwanza. Mkwe akazitaja dawa zote kwa mpangilio, bila kosa. Akaulizwa maji.

"Hakuna maji, Sista," akasema. Alikuwa akifungua nyaya za mashine zilizojisokota, na macho yake yalibaki kwenye nyaya.

Kila mtu chumbani alijua kinachofuata. Dokta Kidole alikuwa ameshanawa, mikono juu, akingoja. Muuguzi wa vyombo alikuwa amepanga visu vyake. Siku nyingine yoyote swali la pili lilipita kama mtu anavyouliza saa. Lakini siku nyingine aliyejibu la kwanza hakuwa mkwe wake, na hakuwa ameangalia nyaya.

Mkwe alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimeshakujibu."

Alisema Mama. Ndani ya chumba kile, mara ya kwanza. Bi Barafu alielewa anachoombwa. Kama mgonjwa angejibu tofauti, mume wa binti yake angevuliwa nguo mbele ya watu wote aliofanya nao kazi. Kama asingeulizwa, huenda mambo yangekwenda vizuri tu. Mara nyingi huenda vizuri. Ndiyo maana watu huthubutu.

Aliinama mbele ya fundi cherehani mpaka nyuso zao zikakutana.

"Mwanangu, humo mgongoni umesikia ubaridi ukitembea?"

"Ndiyo, mama. Kama mtu kanimwagia maji ya friji kwenye uti."

"Mara moja?"

"Aa, mara nyingi. Huyu kaka amenihurumia sana, Mungu ambariki. Kila nikilia ananiongezea. Ya mwisho kanipa hapo nje, kabla hatujaingia."

Alisema kwa shukrani, na shukrani yake ndiyo iliyomaliza kila kitu.

Bi Barafu hakumtazama mkwe. Kumlaza mwanamke yule usingizi kabisa alikufikiria akakukataa: alikuwa amekula, angeweza kupaliwa na matapishi, na koo lilikuwa limevimba kwa ujauzito, mrija wa pumzi usingepita kwa urahisi. Akaamua ganzi, lakini si ile ya kila siku. Akavuta dawa, akairudisha sehemu, akabakiza zaidi kidogo ya nusu. Akamwambia mkwe alete mto mwingine, aweke tayari sindano ya kupandisha presha, na mfuko wa hewa uwe karibu na mkono. Mkwe alileta vyote, upesi na bila kutetemeka. Hilo lisisahauliwe, mikono yake ilikuwa mizuri siku ile kama siku zote.

Alipokwisha kuchoma, walimlaza kichwa na mabega vikiwa juu. Bi Barafu akachukua kidole cha barafu, na kwa mkono mwingine akashika kiganja cha mgonjwa. Alikuwa na desturi ya kuwafanya wagonjwa wake waongee, kwa sababu anayeongea anapumua, na sauti huanza kukonda kabla ya mtu mwenyewe kujua.

"Nieleze kitu," akamwambia. "Mimi magauni yangu yote yanajikunja begani. Kwani nyinyi mafundi mnatukosea wapi?"

"Mnakuja na vitambaa vidogo halafu mnataka mikono mikubwa," mgonjwa akasema, na muuguzi wa vyombo akacheka ndani ya barakoa yake. Kisha fundi akaanza kueleza. Mkono wa gauni hauchongwi duara kamili. Juu kunaachwa nafasi, halafu unavuta uzi kidogo, kidogo tu, mpaka kitambaa kikubali kuzunguka bega.

Barafu ilipita kitovuni: hakuna baridi. Mbavuni: hakuna. Ganzi ilikuwa inapanda upesi kuliko nusu ya dawa inavyopanda kwa mtu wa kawaida. Ikafika kifuani, mahali inapotakiwa iishie. Hakuna baridi pia. Bi Barafu akapitisha barafu kwapani. Hakuna.

"Halafu unashikiza kwa pini," mgonjwa akaendelea, na sauti yake ikawa nyembamba, "kuanzia juu... ukishuka..." Akanyamaza akajitazama mkono. "Mama, kidole hiki kidogo kimekufa."

"Kimelala. Binya vyangu."

Alibinya, kwa nguvu ya mtoto. Presha ikashuka, na mkwe akasukuma dawa ya kuipandisha kabla ya kuambiwa. Dokta Kidole alikuwa amesimama kisu mkononi, hajagusa ngozi. Mtu yule hakuwa na subira. Aliwahi kugombana na saa ya ukutani. Siku ile alisema neno moja tu, Sista, kwa sauti ya kuuliza, na Bi Barafu akamwambia angoje. Katika kungoja kule walikuwemo mtoto aliyekuwa anachoka tumboni, na mama ambaye kama ganzi ingepanda tena kidogo asingeweza kuvuta pumzi.

Barafu ikagusa bega.

"Baridi!" mgonjwa akashtuka.

Ikangoja kidogo, ikagusa tena pale pale. Bado baridi. Akaambiwa abinye, akabinya vizuri zaidi ya mwanzo. Ganzi ilikuwa imesimama.

"Anza, Dokta."

Mtoto alitoka wa kike, mnyonge, akapanguswa, akapigwa nyayo, akalia kwa hasira. Fundi cherehani alilia naye. Kisha akakumbuka kwamba hakumaliza kueleza mkono wa gauni, na Bi Barafu akamwambia atamalizia kesho wodini, deni halikimbii.

Baadaye Dokta Kidole alikaa chumba cha chai, juisi yake haijaguswa, akasema wazi kile ambacho kila mtu alikuwa anakifikiria. Kama zaidi kidogo ya nusu imefika kwenye vidole, kiasi kamili kingefika wapi. Wote walikuwa wameuona wino ukipanda kwenye chupa.

Mkwe alimngoja mama mkwe wake kwenye korido ya kijani.

"Mama, ungeniita pembeni."

"Pembeni mgonjwa hayupo."

"Ningekwambia ukweli."

"Nilikuuliza."

Mkwe akajieleza, na maelezo yake hayakuwa ya uongo. Mwanamke alikuwa analia, dawa ilikuwa imefika kikomo, angefanya nini, amtazame tu? Na alipoulizwa mbele ya watu aliona aibu, kwa sababu alijua amekatazwa. Tena yalikuwa maji. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini huruma ambayo haiwezi kusema ilichofanya ni hatari kuliko ukatili, kwa kuwa mkatili watu humchunga.

Bi Barafu hakumtukana. Alimwambia kwamba kila wiki kuna kikao cha chumba cha upasuaji, na katika kikao kijacho jambo hili lazima lisemwe, ili mwingine asilirudie. Akamwambia asimame aliseme yeye mwenyewe. Ukisema wewe, akasema, mimi nitakaa kimya, na atakayekucheka nitamjibu mimi. Ni nafasi ambayo wengi wetu hatukuwahi kupewa na wakubwa zetu.

Kabla ya kikao binti yake alikuja nyumbani na mtoto mgongoni. Hakukaa. Alisema mumewe halali, hali, anatembea tu ndani ya nyumba. Alisema hakuna mtu aliyeumia. Mama amepona, mtoto amepona, hata huyo mgonjwa anamshukuru.

"Sasa utasema nini, Mama, wakati hakuna aliyeumia?"

"Ndiyo maana nasema sasa. Akiumia mtu, nitakuwa nasemea msibani."

"Yule ni mume wangu."

"Najua. Na yule mwingine ni mke wa mtu."

Binti akamweka mtoto vizuri mgongoni. Akasema mama akisimama kwenye kile kikao, asitegemee kuwaona tena mlangoni pake. Bi Barafu alimjua binti yake. Alikuwa amerithi kitu kimoja kutoka kwa bibi yake dobi na kwa mama yake: hakutishia kitu asichokusudia kukifanya.

Kikao kilifanyika asubuhi, viti vya plastiki vimepangwa mviringo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu mwenye jambo. Bi Barafu alingoja. Mkwe alitazama viatu vyake. Mwenyekiti akauliza tena, na mkwe akatazama viatu vyake. Ndipo Bi Barafu akasimama. Alieleza kilichotokea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza na bila kupunguza. Alisema mkwe wake alifanya kazi nzuri baada ya kosa. Alisema pia kosa lilikuwa kusukuma maji, na kosa kubwa zaidi lilikuwa kuyakana. Hakuomba aadhibiwe. Akakaa.

Uamuzi haukuwa mkali. Mkwe alitakiwa kufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda, kisha arudishiwe uhuru wake. Lakini msimamizi wa idara alikuwa Bi Barafu, na kijana hakuweza kuvumilia kusimamiwa kila siku na macho yale. Aliomba uhamisho, akapata hospitali ya mbali. Walipakia vitu kwenye lori wakati mama mkwe akiwa kazini. Aliporudi, jirani alimwambia wameshaondoka. Aliingia ndani akavua sare. Kesho yake asubuhi alijaza maji kwenye vidole vya glavu kama kawaida. Wenzake walioogopa kumwona siku hiyo walisema alikuwa amekonda usoni, lakini alipoletewa mgonjwa wa kwanza aliuliza maswali mawili.

Katika hospitali ile sasa hakuna anayekabidhi mgonjwa mwenye mrija bila kutaja maji. Hata Dokta Kidole huuliza, ingawa si kazi yake. Fundi cherehani alikuja na mwanawe akitambaa, akamletea Bi Barafu gauni ambalo halijikunji begani. Analivaa siku anazokwenda kwenye shughuli, na akisifiwa husema fundi wake ni mtu aliyemfundisha kushona akiwa amelala.

Habari nyingine ilimfikia kwa bahati. Muuguzi mmoja mwanafunzi alikuja kutoka hospitali ile ya mbali kwa mafunzo. Alipomwona Bi Barafu akimwinamia mgonjwa na kumuuliza ubaridi, akasema hata kule kwao mkubwa wao hufanya hivyo hivyo. Humuuliza aliyeweka mrija, halafu, hata kama amejibiwa, humuuliza mgonjwa mwenyewe. Ni mkali sana kwa jambo hilo, mwanafunzi akasema. Aliwahi kumfukuza mtu chumbani kwa kusema maji si dawa.

Bi Barafu aliendelea kupitisha barafu. Akauliza kama huyo mkubwa wao ana mtoto. Mwanafunzi akasema anaye, mmoja, mtundu, ameshaanza kukimbia na huja hospitali na mama yake siku za mapumziko. Bi Barafu akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mgonjwa, akamuuliza kama pale anasikia baridi.

Amempigia simu binti yake mara nyingi, na haijawahi kupokelewa. Hakujutia swali lile, na aliyemuuliza kama angelirudia alijibiwa kwamba hulirudia kila siku. Lakini gharama yake inajulikana. Lilimgharimu binti yake wa pekee, na mjukuu anayekimbia ambaye hajamwona hata akitembea.